Namba ya Zillow si bei ya nyumba yako

Ndugu zetu walioko Marekani wakitaka kuuza nyumba hufungua Zillow, tovuti ya matangazo ya nyumba inayokadiria bei zake, wakaona namba, wakaishikilia kama hati. Namba ile ni makadirio ya kompyuta tu. Imesoma kumbukumbu za kodi, ukubwa wa nyumba na bei za nyumba jirani zilizouzwa. Haijaingia ndani ikaona dari linalovuja wala jiko jipya. Mwaka 2016 bosi wa Zillow mwenyewe, Spencer Rascoff, aliuza nyumba yake Seattle kwa dola milioni 1.05, huku mtandao wake ukiikadiria milioni 1.75! Nyumba ikishatangazwa, makadirio husogea karibu na bei halisi. Si ajabu: kompyuta imeshaiona bei uliyoitaja wewe.