Je, wajua kwa nini wakia ya dhahabu ni nzito kuliko wakia ya kawaida?

Habari za biashara hutaja bei ya dhahabu kwa wakia, tena kwa dola. Ukiingia kwa sonara mtaa wa Biashara, Nairobi, mkufu unapimwa kwa gramu na kulipiwa kwa shilingi. Wengi hutoa simu papo hapo wakagawanya bei ya wakia kwa 28.35, na hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Gramu 28.35 ni wakia ya kawaida, ya barua na vyakula. Dhahabu hupimwa kwa wakia ya troi, yenye gramu 31.1035. Jina hilo hunasibishwa na Troyes, mji wa Ufaransa uliosifika kwa magulio yake ya Zama za Kati. Uingereza ilifanya troi kuwa kipimo cha kutengenezea sarafu mwaka 1527, na soko la London, ambalo bei yake hufuatwa dunia nzima, halijaiacha hadi leo. Ajabu ni kwamba ratili ya troi ni nyepesi kuliko ratili ya kawaida: gramu 373 kwa 454, maana ina wakia 12 tu badala ya 16.

Tuseme, kwa mfano tu, wakia ni shilingi 311,000. Gawanya kwa 31.1035, unapata karibu shilingi 10,000 kwa gramu. Gawanya kwa 28.35, unapata karibu 10,970. Mwenye kuuza ataona anapunjwa hali hapunjwi. Mwenye kununua atalipa zaidi akidhani bei ni ya haki. Mizani ya jikoni nayo hupotosha vilevile: alama ya oz ni wakia ya kawaida, ya troi huandikwa ozt.

Bei hiyo ni ya dhahabu safi. Mkufu wa gramu 12 wenye chapa ya 750 (sehemu 750 za dhahabu safi katika kila 1,000), yaani karati 18, una gramu 9 tu za dhahabu. Kwa mfano wetu ni shilingi 90,000. Chapa ya 916 ni karati 22, 585 ni 14, na 375 ni 9. Karati ya almasi ni kitu kingine kabisa: hiyo ni uzito, gramu 0.2.

Kwa masonara wa asili ya Kihindi utasikia pia tola, gramu 11.66. Kipande cha tola 10 ni wakia 3.75 kamili za troi.

Sasa tazama mizani yenyewe. Iwe na muhuri wa mkaguzi wa vipimo, isome 0.00 kabla mkufu haujawekwa, na ioneshe desimali mbili. Yenye desimali moja inaweza kuficha gramu 0.05, ambayo ni shilingi 500 za dhahabu safi. Feni ikiwa juu ya kaunta, namba hucheza kwa sababu upepo unasukuma kisahani, omba izimwe. Uliza uzito wa vito vilivyopachikwa kwenye mkufu, maana si dhahabu, na kumbuka kuwa ndani ya kishikizo cha mkufu mara nyingi mna springi ndogo ya chuma.

Risiti itaje gramu, chapa, na gharama ya ufundi kando. Ufundi haurudi ukija kuuza: anayenunua dhahabu ya zamani hulipia dhahabu iliyomo tu, tena hukata kidogo kwa ajili ya kuyeyusha na kusafisha.