"Afini" ni ukwe, si udugu wa damu

Kila nikisikia "umbo la afini lenye ulinganifu mkubwa", mfano unaofuata ni duara. Na kuna aliyeiweka hata y = x³ kwenye orodha ya maumbo hayo, kwa sababu "ina linganifu nyingi". Jamani, jiometri ya afini hailijui duara. Inajua mistari nyoofu, usambamba na uwiano wa vipande vya mstari mmoja; urefu na pembe haviihusu. Vuta kanga mshazari: pindo zinabaki sambamba, katikati ya pindo panabaki katikati, ila duara lililochorwa kwenye mji limekuwa duaradufu. Kwa afini, hayo ni umbo lilelile.

Jina lenyewe linasema. Kwa Kilatini *finis* ni mpaka, na *affinis* ni mtu mnayepakana. Kutoka kwa jirani wa shamba neno likahamia kwa wakwe na mashemeji. Mwaka 1748 mwanahisabati Euler alilitumia kutenga mistari iliyopinda ya aina mbili: inayofanana, yaani iliyokuzwa kwa kipimo kimoja pande zote, na ile ambayo upana umekuzwa kivyake na kimo kivyake. Ya kwanza ni ndugu wa damu, ya pili ni mashemeji. (Mtu akipendekeza "jiometri ya kiukwe" nitamuunga mkono.)

Ukitumia namba changamano (zenye i, ambayo i² = −1) ukoo unazidi kuungana: weka u = x + iy na v = x − iy, na duara x² + y² = 1 linageuka uv = 1, yaani haipabola.

Sasa "ulinganifu mkubwa". Wanaoainisha maumbo haya, kama wanahisabati Eastwood na Ezhov waliochapisha mwaka 1999 uainishaji wa nyuso za namna hiyo katika nafasi ya vipimo vitatu, wanataka jambo moja: nukta yoyote iweze kupelekwa kwenye nyingine yoyote kwa geuzo la afini (kama kule kuvuta kanga), na umbo lijiangukie lenyewe. Parabola y = x² inafaulu. Ongeza 3 kwenye x, ongeza 6x + 9 kwenye y: nukta (0, 0) imehamia (3, 9), na parabola haijatikisika. Ile ncha ya chini tuliyoizoea shuleni haina cheo chochote.

Lakini y = x³? Zidisha x kwa t na y kwa t³, kwa t yoyote isiyo sifuri. Linganifu, yaani mageuzo yanayoliacha umbo vilevile, hazina idadi. Hata hivyo (0, 0) haibanduki, maana hapo ndipo mkunjo unapogeuza upande, na hakuna geuzo la afini linaloweza kuificha sifa hiyo. Kwa hiyo wewe uliyeiweka kwenye orodha kwa sababu "ina linganifu nyingi", hukukosea sana. Iondoe nukta hiyo moja, kilichobaki kinaingia.