Je, wajua kwa nini rap ya Kihindi ilichukua zaidi ya miaka 20 kupata sauti yake?

Mwaka 1991 Mtanzania Saleh Jabir alichukua biti ya "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice akaitilia mashairi ya Kiswahili. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, Baba Sehgal akaishika biti hiyohiyo na kutoa "Thanda Thanda Pani" kwa Kihindi. Baada ya hapo njia zikaachana. Kufikia 2001 Professor Jay ameshatoa albamu nzima ya Kiswahili na vijana wa Dar es Salaam wanaikariri mstari kwa mstari. India ilingoja hadi 2013 au 2015 ndipo kijana wa uswahilini Mumbai asikike akichana kwa lugha anayoitumia kugombana na jirani yake.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Wahindi waliona Kiingereza ndicho chenye hadhi. Ni kweli, ila halitoshi. Baba Sehgal alichana kwa Kihindi tangu mwanzo, na mwaka 2002 Bohemia, rapa aliyezaliwa Karachi na kukulia California, alitoa albamu ya Kipunjabi. Tatizo kubwa zaidi limejificha ndani ya sarufi.

Kitenzi kinapokaa mwisho

Mswahili anasema "nakula wali". Kihindi kinapanga "mimi wali nakula": kitenzi kinafunga sentensi. Na kitenzi hicho, mwanamume anapoeleza jambo la kawaida, huishia kwa -ta hoon. Jaata hoon, naenda. Khaata hoon, nakula. Gaata hoon, naimba. Kwa hiyo mtu akiandika bila kufikiri, vina vinajipanga vyenyewe:

Main gully mein rehta hoon,
main sachchi baat kehta hoon.

Yaani "nakaa uchochoroni, nasema la kweli". Vina vipo, lakini msikilizaji ameshavijua kabla havijafika. Panga mistari 16 ya namna hii upate wimbo wa chekechea. Hii ndiyo sababu mojawapo rap ya Kihindi ilisikika kama kichekesho kwa muda mrefu, hata pale mwenyewe alipokuwa hatanii.

Dawa ya kwanza ni kukitoa kitenzi mwisho na kukitanguliza mbele, jambo ambalo Kihindi cha mazungumzo kinaliruhusu:

Rehta hoon gully ke andar,
banunga main khud ka sikandar.

"Nakaa ndani ya uchochoro, nitakuwa Iskandari wa nafsi yangu." Sasa kina kiko kwenye andar na sikandar, maneno mawili yasiyo na undugu wowote wa kisarufi, na sikio linashtuka. Kwa kawaida rapa hatosheki na silabi mbili za mwisho. Anatafuta kina cha silabi tatu au nne, kisha anakirudisha katikati ya mstari unaofuata, kama mtunzi wa shairi letu anavyobeba vina vya kati na vya mwisho kwa pamoja.

Dawa ya pili iko kwenye ghazali, mashairi ya Kiurdu, lugha ndugu ya Kihindi, kwa karne nyingi. Ghazali huwa na neno au kifungu kinachojirudia kila mwisho wa beti bila kubadilika, kiitwacho radif, na kabla yake kina chenyewe, qafia. Rapa akitumia ujuzi huo, ile hoon inayochosha inageuka radif: inaachwa ijirudie kama pigo la ngoma, na ufundi wote unahamia kwenye neno lililo kabla yake. Kosa la wanaoanza ni kudhani kwamba radif ndiyo kina.

Halafu kuna hesabu ya uzani. Washairi wetu huhesabu mizani kwa silabi, kila silabi moja, na shairi la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, 8 na 8. Ushairi wa Kihindi hupima kwa matra: silabi fupi ni 1, ndefu au iliyofungwa kwa konsonanti ni 2. Chaupai, aina ya ushairi ya zamani inayojulikana sana huko, ina matra 16 kwa kila kipande. Rudi kwenye mistari miwili ya andar na sikandar hapo juu. Wa kwanza una silabi 8, zote nzito: 16. Wa pili una silabi 9, mbili kati yake nyepesi, ba na si: 16 tena. Na mstari mmoja wa biti yenye mapigo manne, ukiyagawa kila pigo mara nne, una nafasi 16. Mtoto aliyekariri beti za chaupai nyumbani au hekaluni ameshafundishwa kipimo cha rap bila kuambiwa.

Ikiwa biti inakwenda mapigo 90 kwa dakika, mstari mmoja unachukua sekunde 2.7 hivi, nafasi 6 kwa kila sekunde, na mistari 16 inakwisha kwa sekunde 43. Anayejaza nafasi zote kwa silabi fupi hukosa pumzi kabla ya mstari wa nne. Silabi ndefu, inayochukua nafasi mbili, ikikatishwa mapema huacha mwanya wa kuvutia hewa.

Jambo moja ambalo wageni hawaligundui upesi: kitenzi cha Kihindi kinafuata jinsia ya msemaji. Mwanamke hasemi rehta hoon, anasema rehti hoon. Kwa hiyo msanii wa kike kama Dee MC wa Mumbai hawezi kuazima vina vya wenzake wa kiume vikabaki kama vilivyo. Ghala lake la vina vya vitenzi ni la -i, lao ni la -a.

Kihindi cha nani?

Kihindi kilichokuwa redioni kilikuwa cha sinema: laini, chenye mashairi ya mapenzi, kimeoshwa. Mumbai watu huzungumza kingine, Kihindi kilichochanganyika na Kimarathi, Kigujarati na Kiingereza, ambamo "mimi" ni apun na jinsia za maneno huvurugwa bila aibu. Divine, jina lake Vivian Fernandes, wa JB Nagar huko Andheri, alianza kuchana kwa Kiingereza. Mwaka 2013 akatoa "Yeh Mera Bombay" kwa Kihindi cha mtaa. Mwaka 2015 akaungana na Naezy katika "Mere Gully Mein", na jina lenyewe la wimbo ni kosa mbele ya mwalimu: Kihindi sanifu kingedai meri, kwa sababu uchochoro ni neno la kike. Mtaani Mumbai hakuna anayejali, na hapo ndipo wimbo ulipowakamata watu.

Naezy, yaani Naved Shaikh wa Kurla, ni mfano mzuri zaidi kwa anayetaka kujua mambo yalifanyikaje. Wimbo wake "Aafat!" wa 2014 ulirekodiwa sauti na kupigwa picha za video kwa iPad moja. Njia hiyo ina mipaka yake. Kihindi kina konsonanti za kufungia hewa 20, kwa sababu kila mahali pa kutamkia pana sauti nne: ka, kha, ga, gha, na kuendelea hivyo hadi midomoni. Mwenyeji wa Mombasa anayetofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini ataelewa upesi. Pumzi ile ya bh, ph na dh inapiga kipaza sauti kidogo kama ngumi, na rekodi inatoka na mishindo isiyofutika kirahisi baadaye. Tiba yake haina gharama: kaa shubiri moja kutoka kwenye kipaza sauti, elekeza mdomo pembeni yake badala ya kukikabili, na tundika blanketi nyuma yako, maana kuta tupu za chumba kidogo hurudisha mwangwi unaofanya kh na gh zifanane. Ukishaidhibiti, pumzi hiyo hiyo ni utajiri. KR$NA wa Delhi ana wimbo, "Vyanjan", ambao mistari yake inazifuata konsonanti za Kihindi kwa mpangilio wa alfabeti, na unasikika kama mtu anayepiga ngoma ya tabla kwa ulimi.

Biti za kupakua mtandaoni zina balaa lake pia. Msanii anaandika, anarekodi, wimbo unapata wasikilizaji, kisha mfumo wa YouTube wa kutambua muziki unaitambua biti na mapato yanakwenda kwa mwenye nayo. Aliyenunua leseni ya bei ndogo anakuta mwenzake ameuziwa biti ileile. Ndiyo maana ujio wa maprodyuza wa nyumbani ulikuwa na uzito kuliko watu wanavyousema. Sez on the Beat wa Delhi ndiye aliyetengeneza "Mere Gully Mein", halafu albamu ya "Class-Sikh" ya Prabh Deep mwaka 2017 na "Bayaan" ya Seedhe Maut mwaka 2018, zote mbili chini ya Azadi Records. Prodyuza anayejua lugha huacha nafasi tupu pale ambapo silabi nzito itatua. Biti ya kupakua haikujui wewe wala lugha yako.

Mlango wa sinema

India muziki mkubwa ni muziki wa filamu. Wimbo huandikwa kwa ajili ya tukio, huimbwa na mwimbaji asiyeonekana, na mwigizaji huchezesha midomo. Rap ilikubaliwa humo kama kiungo: mistari minane kati ya viitikio viwili, gari, pombe, msichana. Kundi la Mafia Mundeer la Delhi, walimotoka Yo Yo Honey Singh, Badshah na Raftaar, lilitoa mafundi wa kazi hiyo, na tusiwabeze, maana ndio waliozoesha masikio ya nchi nzima mtu anayesema juu ya mdundo badala ya kuimba. Lakini mfumo huo hauna nafasi kwa anayetaka kuzungumzia bomba la maji lililokauka mtaani kwake. Rap hutaka mwenye sauti awe mwenye kisa, nao mfumo wa filamu ulijengwa kuwatenganisha.

Wengi husema intaneti ya bei nafuu ndiyo iliyoizaa rap ya mtaani. Tarehe zinakataa. Kampuni ya simu ya Jio ilianza Septemba 2016 ikagawa data bure hadi Machi 2017, na bei ikaporomoka nchi nzima; nyimbo za Divine na Naezy zilikuwa zimeshatoka. Kilicholetwa na data ni wasikilizaji, hasa wa miji midogo, waliokuwa hawawezi kumaliza video moja bila kuhesabu salio. Rapa Emiway Bantai alijenga umaarufu wake YouTube akiwa nje ya kampuni kubwa, sehemu yake kwa bifu na Raftaar mwaka 2018, na mabishano yale yalifuatiliwa kama mechi.

Februari 2019 sinema yenyewe ikaja kugonga hodi: filamu ya "Gully Boy" ya Zoya Akhtar, iliyochota kutoka maisha ya Divine na Naezy, ikatwaa tuzo 13 za Filmfare mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2019 Mass Appeal, kampuni ya rapa wa Marekani Nas, ikafungua tawi India na kumsajili Divine kwanza. Faida ilikuwa kubwa, na hasara ikaja nayo. Ghafla kila tangazo la soda lilitaka kijana mwenye kofia anayesema "mtaa wangu", na waliokuwa na mambo mengine ya kusema wakaonekana hawana soko.

Nje ya Kihindi

Mumbai sio India nzima, wala Kihindi sio rap yote. Kundi la Swadesi lilichana kwa Kihindi, Kimarathi na Kigujarati ndani ya wimbo mmoja, na mwaka 2019 likatoa wimbo wa kutetea msitu wa Aarey ulio Mumbai. Kipunjabi cha Prabh Deep kina toni, hivyo neno likipandishwa au kushushwa hovyo linaweza kuwa neno jingine. Kwa hiyo mdundo ndio unaomfuata yeye. Kule Tamil Nadu, kusini mwa India, Arivu na wenzake wa Casteless Collective, kundi lililoundwa 2017, waliipeleka rap moja kwa moja kwenye suala la matabaka ya kuzaliwa, ambalo Mumbai mara nyingi hulizunguka.

Kisha yuko rapa Hanumankind, ambaye "Big Dawgs" yake ya 2024 ilifika nafasi ya 23 kwenye chati ya Billboard Hot 100 ya Marekani. Anachana kwa Kiingereza. Wengine wanaona amevuruga hoja yote, lakini alikulia Houston, Marekani. Kiingereza ndicho lugha ya mtaa wake. Kwao ni jimbo la Kerala, kusini mwa India, na huko vijana wenzake wanachana kwa Kimalayalam, kama Vedan aliyetoka 2020 na "Voice of the Voiceless". Kimalayalam nacho huweka kitenzi mwisho, ila kitenzi chake hakibadiliki kwa nafsi wala jinsia, kwa hiyo huko mwanamke na mwanamume wanagombea vina vilevile.