Mtaa wa Kutembea kwa Miguu: Maana Yake katika Mipango Miji

Mtaa wa kutembea kwa miguu ni eneo la makazi lililopangwa ili mkazi apate mahitaji yake ya kila siku, yaani shule ya msingi, zahanati, soko, mahali pa ibada na kituo cha basi, bila kulazimika kulipa nauli.

Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry aliiwekea dhana hii vipimo katika mpango wa jiji la New York: shule ikae katikati, nyumba ziizunguke kwa umbali wa takriban mita 400, maduka yawe pembezoni, na barabara kuu zipite kando bila kuukata mtaa. Jijini Nairobi, mtaa wa Kaloleni uliojengwa miaka ya 1940 ulifuata fikra hiyo kwa kuzungushia nyumba ukumbi wa jamii na huduma nyingine, ingawa ulijengwa chini ya ubaguzi wa kikoloni uliowatenga wafanyakazi Waafrika. Mwaka 2016 Carlos Moreno, profesa wa Paris, aliihuisha dhana hiyo kwa jina la mji wa dakika 15, yaani mji ambamo mkazi hufikia mahitaji yake ndani ya dakika 15 kwa miguu au kwa baiskeli.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba ukaribu hupimwa kwa njia ambayo mguu unapita, wala si kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Zahanati iliyo mita 300 kutoka nyumbani huwa mbali sana kwa mama mjamzito ikiwa katikati kuna mtaro usio na daraja, au ukuta mrefu wa kiwanda unaomlazimu kuuzunguka wote huku akitembea juani pembeni ya malori. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuvuka peke yake barabara yenye magari ya kasi, hata kama paa la shule analiona kutoka uani kwao. Kwa hiyo uchochoro ulioachwa wazi, kivuko na miti ya kivuli ni sehemu ya huduma yenyewe, na si mapambo ya kuongezwa fedha zikibaki.

Wingi wa wakazi nao una nafasi yake, kwa kuwa genge la mboga haliwezi kudumu pasipo wateja wa kutosha.

Viwanja vya huduma hizi vinapaswa kutengwa na kulindwa kabla viwanja vya makazi havijauzwa, kwa sababu nyumba zikishajengwa, kupata nafasi ya shule hudai fidia na kuhamisha watu.