Neno refu si lazima liwe na vokali zote

Mwambie mtu atafute neno la Kiingereza lenye vokali zote tano, utaona anakimbilia maneno marefu, akiamini urefu ndio unaobeba kila herufi. Sivyo. Chukua "floccinaucinihilipilification": herufi 29, i imejirudia mara 9, lakini e hata ya dawa huipati. (Hesabu mwenyewe, mimi nilirudia mara mbili.) "Strengths" nalo lina herufi 9 na vokali moja tu. Kumbe "sequoia", ule mti mrefu wa California, linazo zote tano ndani ya herufi 7. Mimi huanzia mwishoni mwa neno: kiambishi "-tion" tayari kinakupa i na o, zinabaki a, e na u. Hapo "education" linajileta lenyewe.