Uhalisia na uchezekaji katika michezo ya video ya kriketi: maana ya mizania yake

Uhalisia wa mchezo wa video wa kriketi ni kadiri ambavyo yanayotokea kwenye skrini yanafuata tabia ya kriketi inayochezwa uwanjani: mpira unadunda kulingana na hali ya ardhi, mrushaji anachoka, mpigaji aliyeingia punde anapata taabu kuliko aliyekwisha kuzoea, na kosa dogo linaweza kumtoa mtu. Uchezekaji ni kadiri ambavyo mtu aliyeshika pedi au simu anaweza kuuelewa mchezo huo, kuumudu kwa mazoezi ya kawaida, na kuona wazi kwamba matokeo yametokana na alichofanya yeye. Mara nyingi mambo haya mawili huelezwa kama pande za mizani, kwamba ukiongeza upande mmoja lazima mwingine upungue. Sikubaliani na maelezo hayo. Uhalisia una aina nyingi, na kazi ya mtengenezaji ni kuchagua ni aina ipi atailinda kwa nguvu zote na ipi ataiacha ilegee. Katika kriketi, ninaona kwamba unaostahili kulindwa kabla ya mwingine wowote ni uhalisia wa uamuzi: mchezaji akabiliwe na maswali yale yale yanayomkabili mpigaji au mrushaji wa kweli, na gharama ya kukosea iwe ya kweli pia.

Kriketi si ngeni Dar es Salaam. Inachezwa katika viwanja vya Gymkhana, Annadil Burhani na Chuo Kikuu, timu ya Afrika Mashariki iliyoshiriki Kombe la Dunia la kwanza la wanaume mwaka 1975 ilikuwa na wachezaji kutoka Tanzania, na nchi yetu imekuwa mwanachama mshiriki wa Baraza la Kimataifa la Kriketi tangu mwaka 2001. Hata hivyo wengi wetu tumekulia kwenye soka, na katika vibanda vya gemu vya mitaani ni soka inayotawala skrini, kwa hiyo nitaeleza kanuni za msingi kwa ufupi. Mrushaji huurusha mpira kwenye ukanda wa katikati uitwao pichi kuelekea vijiti vitatu viitwavyo wiketi, na mpigaji huvilinda vijiti hivyo kwa gongo huku akitafuta mikimbio, yaani pointi za timu yake. Mirusho sita halali ni ova moja. Timu ikipoteza wapigaji kumi, au ova ilizopangiwa zikiisha, zamu yake ya kupiga imekwisha.

Ugumu wa kuuhamishia mchezo huu kwenye skrini unaanzia kwenye muda. Umbali kati ya wiketi za ncha mbili za pichi ni mita 20.12, na kutoka mstari wa mrushaji hadi mstari wa mpigaji ni kama mita 17.7. Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 145 kwa saa huumaliza umbali huo kwa takriban nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo mpigaji huamua kama atasogea mbele au atarudi nyuma, kama atapiga au atauacha mpira upite, na akipiga, atauelekeza wapi. Mchezo wa video unaochora picha 60 kwa sekunde una picha 30 tu za kuionyesha safari hiyo nzima, na chache kati ya hizo huliwa na televisheni, kwa kuwa televisheni nyingi bapa huchelewesha picha kidogo zinapoichakata. Zaidi ya hapo, aliyeketi mbele ya skrini anatazama kioo kisicho na kina, wala hana miaka ya mazoezi ya kuusoma mkono wa mrushaji. Kwa sababu hiyo, kuinakili fizikia kwa usahihi kamili kunazaa mchezo usio wa kweli hata kidogo. Mpigaji wa kimataifa, aliyechorwa kwa uaminifu hadi mishono ya glavu zake, atatolewa kila mara kwa mpira wa kwanza au wa pili kwa kuwa anayemwongoza haoni kile ambacho mpigaji huyo angekiona.

Michezo mingi ya miaka ya 1990 na 2000, ikiwemo ile iliyobeba jina la Brian Lara, mpigaji mashuhuri wa West Indies, ilitatua tatizo hili kwa kuweka alama kwenye pichi pale ambapo mpira utadunda. Wapenda uhalisia waliichukia alama hiyo, kwa hoja kwamba hakuna uwanja duniani wenye duara linalong'aa ardhini. Hoja hiyo ni nyepesi. Mwaka 2000 Michael Land na Peter McLeod walichapisha utafiti kuhusu mwendo wa macho ya wapigaji, wakaonyesha kwamba mpigaji haufuati mpira kwa macho kutoka mkononi mwa mrushaji hadi kwenye gongo. Huutazama unapoachiwa, kisha macho yake huruka mbele hadi mahali anapotarajia utadunda na kuusubiri hapo, na macho ya aliye hodari huwahi kuruka kuliko ya asiye hodari. Alama ile iliyodhaniwa kuwa udanganyifu inasimama badala ya ujuzi halisi kabisa, ujuzi ambao mpigaji anao na mtu aliyeketi kwenye kochi hana.

Kosa la michezo ile lilikuwa katika wakati wa kuionyesha. Alama ilionekana kabla mpira haujaachiwa, hivyo mchezaji alijua mahali pa kudunda mapema kuliko binadamu yeyote anavyoweza kujua, na swali gumu kuliko yote ya upigaji, yaani kama asogee mbele au arudi nyuma, likawa limejibiwa kabla halijaulizwa. Watu wawili walipocheza pamoja kwenye skrini moja hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana mrushaji alilazimika kumwonyesha mpinzani wake kila hila aliyokusudia. Laiti alama ingejitokeza mpira ukiwa tayari hewani, ikiwa pana na yenye ukungu kwa mpigaji dhaifu au aliyeingia punde, na ndogo iliyo wazi kwa hodari aliyekwisha kuzoea, uhalisia na uchezekaji vingekuwa vimetimizwa na kitu kimoja. Ndiyo maana nasema hivi viwili si maadui wa asili.

Mwaka 2014 studio ya Big Ant ya Melbourne, Australia, ilitoa Don Bradman Cricket 14 na kushika njia nyingine. Iliiondoa alama ya kulenga iliyozoeleka na kuugawa upigaji katika vijiti viwili vya pedi, cha kushoto kikiongoza miguu na cha kulia mwelekeo wa pigo. Mgawanyo huo ninauheshimu sana, kwa kuwa unautenganisha uamuzi wa miguu na uamuzi wa mikono kama kocha yeyote anavyovitenganisha anapomfundisha mtoto. Gharama yake ni kwamba anayeanza huteseka, na asiye na mtu wa kumweleza kwa nini anatolewa anaweza kuuweka mchezo kando kabla hajafika mahali ambapo utamu wake unaanzia. Hapo uchezekaji unadai jambo dogo lakini la lazima: baada ya kila pigo, mchezo useme kama mchezaji amewahi, amechelewa au amepatia, na kama mguu wake ulikuwa mahali pabaya. Uwanjani mpigaji huyapata majibu hayo kupitia viganja vyake, maana gongo hutetemeka tofauti mpira unapogonga ukingoni na unapogonga katikati. Kwenye skrini ni lazima yaandikwe au yachorwe.

Jambo la pili ambalo watengenezaji na wachezaji wengi hawalipi uzito unaostahili ni urefu wa mechi. Mechi ya Test huchukua hadi siku tano, kwa kawaida ova 90 kwa siku, na hakuna anayetarajia mtu akae mbele ya skrini muda huo. Hata T20, mfumo mfupi uliozaliwa Uingereza mwaka 2003, una mirusho 120 kwa kila timu. Katika kibanda cha gemu ambacho mteja hulipa kwa mechi na wengine wanasubiri zamu, ova tano ndizo zinazowezekana, na kwenye simu ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni ni hizo hizo. Lakini hesabu ya wiketi, neno linalotumika pia kwa kila mpigaji anayetolewa, haibadiliki. Katika T20 timu ina wiketi kumi za kutumia kwa mirusho 120, yaani wastani wa mirusho 12 kwa kila wiketi. Katika ova tano ina wiketi kumi zile zile kwa mirusho 30, yaani mirusho mitatu tu. Wiketi imepoteza thamani, na pamoja nayo imepotea hofu ya kutolewa, ambayo ndiyo inayompa mpigaji wa kweli sababu ya kuuacha mpira mzuri upite. Mwaka 2013 mpigaji Chris Gayle alipata mikimbio 175 kwa mipira 66 katika mechi moja ya T20 na ulimwengu wa kriketi ukastaajabu. Katika mechi ya ova tano kwenye simu, kasi hiyo ni ya mchezaji wa kawaida. Upande wa pili yupo Lara aliyepata mikimbio 400 katika Test mwaka 2004 kwa mipira 582, na uvumilivu wa aina hiyo hauna mahali pa kukaa kabisa katika mchezo wa dakika kumi.

Dawa yake si ngumu, na ninashangaa kwamba haitumiki zaidi. Mechi ikipunguzwa, wiketi nazo zipunguzwe, mathalani tatu au nne kwa ova tano, ili kila mpigaji awe na thamani tena. Kuzeeka kwa mpira na kuharibika kwa pichi navyo viharakishwe kwa uwiano huo huo. Katika Test mpira mpya huweza kuchukuliwa baada ya ova 80, na warushaji wanaouzungusha mpira hupata nguvu pichi inapopasuka siku za mwisho. Usipoviharakisha, mechi fupi nzima huchezwa kwa mpira mpya kwenye pichi isiyopasuka, na nusu ya ufundi wa mrushaji inabaki bila matumizi. Kuharakisha huko ni uongo wa kifizikia, ila unaokoa ukweli wa maamuzi. Njia nyingine ni kumpa mtu mchezaji mmoja wa kumwongoza, akacheza zamu za huyo pekee na zilizobaki zikaendeshwa haraka na kompyuta. Njia hiyo huokoa muda na kuurudisha uzito wa kutolewa, kwa sababu ukitolewa huna mwingine wa kukufidia.

Bahati inahitaji uangalifu wa pekee. Kriketi ya kweli imejaa bahati: mpira unagonga ukingo wa gongo ukapita katikati ya wadakaji wawili, yaani wachezaji wa timu inayorusha waliotawanyika uwanjani kuuzuia na kuudaka mpira, au pigo safi kabisa likaangukia mikononi mwa mtu. Mtu akifanyiwa hivyo uwanjani hulaumu siku yake. Akifanyiwa hivyo na kompyuta hulaumu programu, na si bila sababu, kwa kuwa anajua kwamba mahali fulani ndani yake kuna namba iliyochaguliwa bila yeye kuonyeshwa. Naamini bahati ibaki, lakini ionekane inatoka wapi. Mdakaji aonekane amesimama pale kabla ya mpira kurushwa, na ufa wa pichi uliofanya mpira ubaki chini uonekane ukipanuka tangu ova zilizotangulia.

Mwamuzi ni mfano mzuri zaidi wa jambo hilo. Mwamuzi wa uwanjani hukisia kama mpira uliogonga mguu wa mpigaji ungeendelea hadi kwenye wiketi na hivyo kumtoa, naye anaweza kukosea, ndiyo sababu mfumo wa kupitia upya maamuzi kwa kamera ulianza kutumika rasmi katika mechi za Test mwaka 2009. Kompyuta haikisii, inaijua njia yote ya mpira kwa kuwa ndiyo iliyoihesabu. Ili rufaa, yaani ombi la kuupitia upya uamuzi, iwe na maana ndani ya mchezo wa video, programu inapaswa kufundishwa kukosea kwa makusudi, tena kwa namna ya kibinadamu: ikosee kwenye mipira ya utata, isikosee kamwe kwenye ile iliyo dhahiri. Hapo mchezaji hubaki na uamuzi halisi wa nahodha, wa kama atumie rufaa yake sasa au aitunze.

Udakaji hauhitaji maneno mengi. Wadakaji ni tisa, ukiwatoa mrushaji na mlinda wiketi, na mtu mmoja hawezi kuwaongoza wote, kwa hiyo ni sawa kompyuta iwakimbize na kumwachia mchezaji kazi ya kuwapanga na kuchagua mahali pa kuurudisha mpira. Majina na jezi ni uhalisia wa namna nyingine unaotegemea leseni, na kwa kukosa leseni michezo mingi imelazimika kubadili majina ya wachezaji. Hapo nina neno moja tu la sifa, kwa michezo inayowaruhusu watu kuunda timu zao wenyewe, kwa kuwa kijana wa Upanga anaweza kuijenga timu ya Tanzania kwa mikono yake bila kusubiri kampuni yoyote ya ng'ambo iikumbuke.

Zimebaki ngazi za ugumu. Michezo mingi humwongezea mtu ugumu kwa kuiongezea kompyuta uwezo: wadakaji hawaangushi kitu, wapigaji wake hawagusi ukingo, na pigo lililopatiwa vizuri halifiki mpakani. Huko ni kubadili sheria za dunia ya mchezo, na aliyefuzu ngazi ya chini hukuta kwamba alichojifunza hakimfai ngazi ya juu. Ngazi zingepaswa kubadilisha taarifa tu. Anayeanza apewe alama mapema na muda mpana wa kubonyeza; aliyezoea aoneshwe alama kwa kuchelewa; bingwa aachiwe mkono wa mrushaji na macho yake mwenyewe. Mpira udunde vile vile kwa wote watatu, ili mtu na mdogo wake, mmoja mzoefu na mwingine aliyeshika pedi leo, waweze kukaa kwenye kochi moja na kucheza mechi moja yenye haki, kila mmoja akiwa na kiasi chake cha msaada kwenye skrini.