"Huku Pwani Thamostati ni ya Nini?" na Mengine Ninayoyasikia Gereji

Mwezi huu peke yake nimefungua injini tatu, na katika zote tatu, pale inapokaa thamostati, ile vali inayoongoza maji ya kupoza injini, nimekuta patupu. Ya mwisho ilikuwa Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ iliyovutwa kwa kamba kutoka barabara ya Sala, hedi, yaani kichwa cha injini, imepasuka kati ya vali. Nikamwuliza mwenyewe nani aliyeitoa.

"Fundi wa kwanza, ami. Alinambia huku pwani kuna joto, thamostati ni ya nini? Ile ni ya Wazungu wenye barafu."

Maneno haya nimeyasikia tangu nilipokuwa kijana wa kupokeza spana, na nimechoka nayo. Yameua hedi nyingi Malindi hii kuliko mashimo ya barabara. Kwa hiyo leo nitayasema kwa kirefu, na anayefanya kazi ya gari lake mwenyewe nyumbani asome mpaka mwisho kabla ya kushika bisibisi.

Thamostati haijui kama uko Malindi au Limuru. Inachokijua ni joto la maji yanayoigusa. Ndani yake mna nta. Maji yakifika nyuzi zilizopigwa chapa juu ya chuma chake, kwenye dizeli nyingi ni 82 au karibu na hapo, nta huyeyuka, hutanuka na kusukuma vali ifunguke. Injini ikishapata moto, thamostati nzima huwa wazi na maji yanapita kwenda kwenye rejeta kama kawaida. Haizuii chochote wakati ule unapohitaji kupoza.

Hilo joto letu nalo tulipime. Nje, mwezi wa pili, upepo umelala, ni nyuzi 32 au 33. Injini inataka kufanya kazi kati ya 80 na 95. Pengo lililobaki linakaribia nyuzi 50 au zaidi, nalo linatosha kabisa kwa rejeta iliyo nzima. Land Cruiser zinazouzwa Oman na Dubai, ambako kiangazi cha huko hupita nyuzi 45, hutoka kiwandani na thamostati zao. Wengi wetu tuna ndugu huko. Wapigie simu uwaulize kama kuna anayeing'oa.

Sasa lililo kubwa, ambalo fundi wa kung'oa hakwambii kwa sababu halijui. Injini ina njia mbili za maji. Ndefu inapitia rejeta. Fupi ni ya mkato: maji yanatoka kwenye injini na kurudi humohumo bila kupoa, ili injini ipate moto haraka asubuhi. Katika injini nyingi za Toyota thamostati ina sahani mbili. Ya juu ikifungua njia ya rejeta, ya chini wakati huohuo inaziba ile ya mkato. Ukiing'oa, njia zote mbili zinabaki wazi saa zote. Maji hufuata penye wepesi, na sehemu yake hurudi kwenye injini na moto wake uleule. Ukienda Watamu na kurudi hutaona kitu, mshale utatulia na utamsifu fundi. Pakia watu saba, weka mizigo juu, washa kiyoyozi, ingia kwenye mchanga mzito na gia ndogo. Hapo ndipo yale maji yasiyopita kwenye rejeta yanapokosekana. Aliyetoa thamostati ili gari lisichemke ndiye aliyelichemsha.

Wako pia mafundi wanaoitetea thamostati kwa sababu isiyo sahihi. Wanasema bila hiyo maji hupita mbio kwenye rejeta, hayapati muda wa kupoa. Si kweli. Maji yanayozunguka kwa kasi hubeba joto vizuri zaidi. Tatizo ni ile njia ya mkato, basi.

Hasara ya pili haina kelele, ndiyo maana hakuna anayeilalamikia. Ondoka Malindi saa kumi alfajiri kuelekea Garsen wakati wa kusi: barabara tambarare, hewa ya baridi, injini bila thamostati itakwenda muda mrefu bila kufika joto lake. Dizeli haiungui yote. Inayobaki huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Unyevu ambao ungefukizwa na oili yenye moto unabaki ndani, oili inageuka tope, ringi zinalika. Gari la petroli lenye kompyuta ni baya zaidi, kwa sababu kompyuta huona injini ya baridi na kuendelea kumwaga mafuta ya ziada. Mwenye gari anakuja kwangu analalamika linakunywa. Na litakunywa.

Kama unashuku thamostati yako, ijaribu jikoni. Itie kwenye sufuria ya maji, iinue kwa waya isiguse chini, weka kipimajoto, washa moto. Sisi tuko usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 100. Thamostati nzima huanza kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake, na kabla maji hayajatokota iwe imefunguka yote. Ikibaki imefunga, itupe ununue nyingine. Ukiirudisha, kile kitundu chake chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, ndicho kinachotoa hewa wakati wa kujaza maji. Na tafadhali, gasketi mpya.

Basi gari linachemka kwa nini? Mara nyingi nakuta sababu nje ya injini kabisa. Kati ya kondensa ya kiyoyozi, ile inayokaa mbele ya rejeta, na rejeta yenyewe hujaa vumbi, mbegu za nyasi na panzi mpaka upepo haupiti. Legeza kondensa, osha rejeta kutoka upande wa feni kwenda mbele, kwa maji ya bomba ya kawaida. Ile mashine ya presha hukunja mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta, yakalala yote. Nakuta pia kava la feni limetolewa "kwa sababu lilikuwa linasumbua", na feni sasa inazungusha hewa ileile badala ya kuivuta kupitia rejeta. Nakuta klachi ya feni, ile inayoishika feni izunguke na injini, imeishiwa mafuta yake ya silikoni: izungushe kwa mkono injini ikiwa imezimwa na bado ina moto, ikizunguka kwa ulaini bila ukinzani wowote imekufa. Na nakuta bampa kubwa la mbele, winchi na taa nne za duara zimepangwa mbele ya rejeta kama pazia. Taa zinapendeza, lakini zisogeze pembeni.

Kifuniko cha rejeta hakiheshimiwi hata kidogo. Chenye namba 0.9 kinahifadhi presha inayosogeza kiwango cha kuchemka cha maji mpaka karibu nyuzi 119. Kikilegea mpira wake, umerudi kwenye 100, na hapo hakuna thamostati itakayokusaidia. Anza na kifuniko. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja, na ndicho cha mwisho kununuliwa.

Halafu msiniambie "nilikuwa namwagia maji tu." Maji gani? Visima vyetu vingi vina chumvi, ukiyaonja unajua. Ukiyaweka kwenye rejeta, chumvi inatafuna aluminiamu, magadi yanaziba mirija, na pampu inaanza kuvuja. Kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, si ya baridi peke yake. Inazuia kutu na inapandisha zaidi kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri, si asidi yake. Ukikwama porini na hakuna kingine, mwagia ulichonacho ufike salama, kisha nyumbani uyatoe yote. Na mshale wa dashibodi usiutegemee kupita kiasi: katika Toyota nyingi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo. Ukianza kuuona unapanda, jambo limeshaharibika. Simama.

Hilo limekwisha. Mengine nayasema kwa ufupi.

"Paka oili chafu chini, chumvi haitashika." Wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni wananiletea magari yenye chesisi nyeusi inayong'aa oili, na nikiigonga kwa nyundo inatoboka. Chesisi huliwa kutoka ndani. Mchanga na chumvi huingia kwenye boksi lake, yaani uwazi ulio ndani ya vyuma vyake, vitundu vya kutolea maji vinaziba, na unyevu unalala humo. Oili uliyopaka nje inashika vumbi, inalainisha bushi za mpira na hozi za breki, na inadondoka kwenye ardhi tunayoinywea maji. Siku uliyoshuka ufukweni, siku hiyohiyo osha chini kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, zibua vile vitundu kwa waya, ingiza hozi ndani ya chesisi mpaka maji yatoke safi. Likikauka, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi.

"Land Rover ni aluminiamu, haioti kutu." Kwa zile za zamani, bodi yake ndiyo aluminiamu. Chesisi ni chuma, na ukuta wa mbele unaoshika milango ni chuma. Tena aluminiamu ikigusana na chuma penye chumvi, yenyewe ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaouona kwenye kingo za milango ndio huo.

"Kwenye mchanga jaza upepo, tairi isizame." Kinyume chake. Shusha kutoka psi 35 mpaka karibu 18. Alama ya tairi inakuwa ndefu, uzito unasambaa, gari linaelea. Chini ya 15 tairi inaweza kuvuka kingo za rimu ukikata kona. Nenda polepole, na usipande lami ya Mambrui kabla hujajaza tena, kwa sababu tairi legevu kwenye lami hupata moto na kupasuka. Kama una pesa ya kuongeza kitu kimoja tu kwenye gari lako, nunua kompresa nzuri na geji ya upepo kabla ya taa, kabla ya winchi, kabla ya kila kitu. Hili nitalisema mpaka nizeeke.

"Ongeza springi tu, likae juu." Inchi mbili juu kwa Land Cruiser ya eksili nzima mbele huiviringisha ile eksili, usukani unakosa nguvu ya kurudi katikati na gari linayumba kwenye mwendo. Unahitaji bushi za kurekebisha pembe ya eksili na hozi za breki ndefu zaidi. Kwa Prado na Hilux ni shafti za magurudumu ya mbele zinazopinda kupita kiasi na mipira yake kuchanika. Ukishaona grisi imerukia ndani ya rimu, ulipie upesi.

"Nina snorkeli, navuka popote." Snorkeli, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda mpaka usawa wa paa, inalinda njia ya hewa ya injini, na viungio vyake visipobanwa hata hiyo hailindi. Difu, zile gia za katikati ya eksili, zinapumua kwa kitundu chenye kifuniko kidogo juu ya eksili. Difu ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi, hewa ndani inanywea na kufyonza maji kupitia kitundu hicho au kupitia sili. Unganisha mpira mwembamba kwenye kila kitundu, upandishe mpaka ndani ya boneti. Ni kazi ya saa mbili unayoifanya mwenyewe. Na ukishavuka maji ya kufika kitovu cha gurudumu, jioni hiyo fungua nati ya kujazia ya difu, ingiza kidole. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, usilale bila kuibadilisha.